Mechi Niliyoidai Mbele ya Jeneza Lako

Mtani wangu, Mwalimu Kondo,

Sikusalimii. Ulipokuwa hai sikuwa nakusalimia vizuri, siwezi kuanza adabu leo kwa sababu tu umelala. Wewe ndiye uliyekuwa unapita kwenye meza yangu pale stesheni ya Bukene, jua linazama, unaniambia, "Mwangaluka, mpagazi." Nakwambia hiyo ni salamu ya asubuhi, Mzaramo wewe, umekaa kwetu miaka yote hiyo hujajua? Unasema kwenu Kisarawe asubuhi inakwisha mtu akitaka mwenyewe. Halafu unajichotea matobolwa kwenye sinia langu bila kuuliza, unatafuna, unasema viazi vikavu hivi ndivyo vilivyowapinda shingo mababu zangu, si meno ya tembo waliyobeba.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Mwanangu Doto alitaka nimtajie yeye aandike, nimekataa. Shule yangu iliishia darasa la nne, na mkono unakwenda polepole, lakini mengine ya humu si ya mtoto kuandika. Nina hasira, Mwalimu. Najua ungesema nini. "Mama Kulwa, punguza moto." Sipunguzi. Umekufa, utanifanya nini?

Nikutoe wasiwasi kwanza: tumecheza. Lubasha wa Nzega alikuja na timu yake mpaka hapa hapa Bukene, kwenye mchanga wetu. Matokeo sikwambii bado. Wewe ulikuwa unatufanyia hivyo hivyo, mnarudi kutoka kwenye mashindano unashuka kwenye lori umekaza uso, sisi wazazi tumesimama barabarani roho mkononi hatujui mmefunga au mmefungwa, mpaka ufike mezani kwangu uombe maji ndiyo ucheke. Na wewe ngoja leo.

Nilikuwa na hasira na wewe pia, nikwambie ukweli. Ulinyamaza mno. Siku ile Nzega, baada ya nusu fainali, walipokuita pale kwenye meza ya wasimamizi, mimi nilifikiri utapiga kelele. Timu ya mpira wa pete ya shule ya kata, wasichana wanaocheza pekupeku, wamewafunga wale wa shule ya ukuta mrefu wenye raba nyeupe na basi lao. Na Lubasha, mwalimu wao wa michezo, anatoka mbio na karatasi anasema wewe umechezesha mamluki. Anasema Doto alicheza kipindi cha kwanza, akachoka, ukamtoa kwa siri, ukamwingiza pacha wake Kulwa ambaye si mwanafunzi. Ushahidi wake? Sketi! Eti kipindi cha kwanza sketi ilikuwa imechanika na ina tope, kipindi cha pili ikawa safi. Mimi ndiye niliyembadilisha Doto ile sketi, mimi mama yake, kwa sababu ilichanika mpaka pajani na watu wanatazama. Kulwa wakati huo alikuwa upande wa pili wa uwanja ana sinia la karanga kichwani, nusu ya watu pale walikuwa wanatafuna karanga zake.

Wakawasimamisha wanangu bega kwa bega kama mbuzi wa mnadani. Wale wakubwa watatu wa mezani wakawatazama juu mpaka chini, wakacheka. Mmoja mwenye kofia akaniuliza, "Mama, hivi hata wewe unawajua hawa?" Nikamwambia nimewazaa. Akasema, "Basi wewe ni wa upande wao, kaa pembeni." Nilitaka kusema mengi, Mwalimu. Nikabaki nashika kanga yangu. Nikakutazama wewe useme. Ukasema neno moja tu, "Mmekosea," ukachukua mpira ukauweka kwapani ukaondoka. Wakatunyang'anya ushindi, wakasema wewe usifundishe tena timu yoyote. Lubasha akaenda fainali kwa miguu ya uongo.

Wewe ulisema yatapita. Mimi niliyakunja nikayaweka.

Nakumbuka ulivyotutengenezea timu toka mwanzo. Shule haikuwa na pete ya kufungia, ukaja nyumbani ukaniomba ndoo ya asali ya Baba Kulwa, ile ya plastiki iliyotoboka. Nikajua unataka ya kumwagilia mchicha. Ukakata mdomo wake ukaupigilia kwenye nguzo. Nikakwambia, Mzaramo, hiyo ni ndogo, mpira hata hauingii vizuri. Ukasema, "Unaingia, ila unaingia kwa heshima." Watoto wakalia mwezi mzima wanarusha hauingii. Siku walipoiona pete ya kweli kule Nzega, Doto akanijia anacheka, "Mama, pete ya huku kama mdomo wa kisima!" Ndipo nikakuelewa. Sikukwambia kwamba nimekuelewa. Nilikwambia Wazaramo ni wavivu hata wa kununua chuma.

Na ulivyokuwa unanicheka na masweta yangu. Kila mazoezi nakuja na masweta mikononi, nasema upepo huu wa kipupwe utawaingia kifuani watoto wa watu. "Mama Kulwa, siku ukipewa timu wewe watacheza na mablanketi."

Halafu baada ya kukukataza. Hapa ndipo roho yangu inachubuka. Hukwenda tena uwanjani, hukutaka mkuu wa shule apate matatizo kwa ajili yako. Lakini meza yangu ya stesheni imepakana na uwanja wa shule, ukawa unakuja unakaa kwenye kigoda changu umewapa watoto mgongo. Umetazama reli. Wao wanacheza wenyewe nyuma yako, na wewe unasikiliza tu mpira unavyodunda na miguu inavyokwaruza mchanga. Ghafla unasema kwa sauti, bila kugeuka, "Doto, umetembea!" Na kweli, Doto alikuwa amepiga hatua na mpira mkononi. Watoto wanacheka, wanarudia. Nikakuuliza umejuaje, ukasema, "Sikufundisha. Nimekaa hapa nakula viazi vyako. Naruhusiwa kupiga kelele sokoni." Abiria wa treni walikuwa wanakushangaa, mtu mzima anaipigia reli kelele.

Ndivyo ulivyokwisha. Mgongo umewapa watoto wako. Siku uliyoinama pale kwenye kigoda mimi nilijua unatafuta tobolwa lililoanguka, nikakutania hata, nikasema acha hilo ni la kuku. Daktari alisema presha. Yeye kasomea, aseme. Mimi nasema Lubasha.

Sasa nikwambie mambo ya msibani, maana wewe ulikuwa ndani ya sanda hukuyaona.

Mkeo Bi Mwajuma alisema ulitaka kuzikwa hapa. Ndugu zako wa Kisarawe wakakubali kwa simu. Basi kilio chako kikawa hakina Wazaramo, ila sisi watani wako, na watani ndio tunaojua kukuzika. Nilimwomba Bi Mwajuma traksuti yako ya bluu, ile iliyopasuka goti, na kofia, na filimbi. Akanipa analia na kucheka. Nikavaa. Nikatoka uani natembea kama wewe, mikono nyuma, tumbo mbele, nachota chakula kwenye kila sahani nawaambia watu "Mwangaluka." Walicheka mpaka shehe akaziba mdomo. Wanawake wakaniambia, "Kondo amerudi, amenenepa!" Hivyo ndivyo mtani anavyozikwa, nisingekubali uende umelowa machozi matupu.

Halafu nikamwona Lubasha.

Alikuja, Mwalimu! Suti ya kijivu, miwani, amekuja kwa niaba ya walimu wa michezo wa wilaya kutoa pole. Akasimama akaanza: marehemu alikuwa mwenzetu, mtu wa watu, tulishirikiana naye. Tulishirikiana! Nikatia filimbi mdomoni nikapuliza mpaka watoto wakashtuka. Nikamnyooshea kidole kama ulivyokuwa unafanya. "Umetembea!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akacheka kidogo pia, afanye nini, mtani msibani hapigwi wala hatukanwi, anayemkasirikia ndiye anayeaibika. Akaanza tena, "Kama nilivyosema, marehemu..." Nikapuliza. "Umetembea! Weka mpira chini!" Akaweka karatasi yake mfukoni akakaa.

Lakini mimi nilikuwa bado. Wanaume walipokuinua, jeneza linatoka uani, nikaenda nikakaa chini katikati ya mlango wa ua, nikanyoosha miguu. Nikasema mababu wa huyu walikaa njiani kule pwani wakawatoza mababu zangu hongo, kila msafara uliopita na mizigo ulilipa ndipo ukapita. Leo mzigo ni wake na njia ni yangu. Maiti haipiti. Shehe akasema, "Mama, jua linakwenda, semeni mnachotaka watani mpewe." Watu wakaanza kuingiza mikono mifukoni. Nikasema hela zenu kaeni nazo. Mimi nataka mechi.

Nikamtazama Lubasha. Nikasema timu ya huyu ije Bukene icheze na timu ya Kondo. Wakishinda watoto wetu, yeye Lubasha aende kaburini kwa huyu mtani wangu aseme kwa mdomo wake, watu wakisikia, kwamba Kulwa hakucheza siku ile.

Akatabasamu, ile ya mtu mkubwa akizungumza na kichaa. "Na mkifungwa, mama?"

"Tukifungwa nakuja shuleni kwenu na traksuti hii, nafagia uwanja wako wanafunzi wote wakitazama."

"Haya, nimekubali. Mtapata mechi yenu. Sasa mpishe marehemu."

Aliona ni mchezo wa msibani, Mwalimu. Alifikiri maneno ya utani yanaliwa pamoja na ubwabwa wa matanga, kesho kila mtu amesahau. Hapo ndipo alipokosea. Neno mtu alilotoa ili jeneza lipite, jeneza likapita, limeshalipwa nusu. Shehe mwenyewe akageuka akasema, "Sote tumesikia." Nikaondoa miguu. Ukapita juu ya mabega ya watu, na mimi nikapiga saluti nimevaa kofia yako.

Ikapita kipupwe, kimya. Mkuu wa shule yetu akampigia Lubasha simu, yuko kikaoni. Akapiga tena, watoto wana mitihani. Mara ya mwisho Lubasha akacheka kabisa, akasema, "Yule mama bado anakumbuka ule utani?"

Nakumbuka, ndiyo.

Nikamwambia Kulwa ashike meza ya stesheni. Nikavaa traksuti yako, nikapakia michembe, vile viazi vikavu vya vipande, na karanga, nikapanda gari kwenda Nzega. Nikatandika mkeka nje ya geti la shule ya ukuta mrefu. Sikumtukana mtu. Mlinzi akaja akaniuliza, nikamwambia nauza michembe, akanunua. Lubasha akitoka, napuliza filimbi. "Umetembea!" Akirudi, napuliza. "Umetembea!" Akaniambia, "Mama, nenda nyumbani, utaitiwa polisi." Nikamwambia waite, waje na njaa, michembe ipo. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Wanafunzi wakaanza kuuliza kisa, na mimi nikawa nawaeleza huku nawapimia karanga. Watoto wale wana masikio! Ikawa akipita sokoni, vijana wa bodaboda wanamwita, "Mwalimu, umetembea!" Akiingia darasani akageukia ubao, sauti moja kule nyuma, "Umetembea!" Ungekuwepo ungenikataza. Ungesema huyo naye ana watoto, ana mama. Nilikuwa na hofu pia, usifikiri. Nilikuwa nalala nawaza kama watanifunga nani atawapikia kina Doto, na Baba Kulwa yuko porini kwenye mizinga yake. Asubuhi navaa traksuti.

Mwisho mkuu wake mwenyewe akamwambia nenda ukacheze hiyo mechi jina la shule lipone.

Basi siku yenyewe. Sisi mwalimu hatuna, watoto walijifundisha wenyewe, na mimi nimekaa kwenye kigoda chako nimewapa mgongo nasikiliza, nijaribu kama wewe. Sisikii kitu! Nilikuwa napuliza ovyo ovyo tu. Doto akaniambia, "Mama, geuka tu utazame, hakuna aliyekukataza wewe." Tukakubaliana hivi: nilisema pete ya ndoo tuing'oe siku hiyo, waje na pete zao wenyewe, na mwamuzi atoke mbali. Akaja dada mmoja wa Kanyenye, Tabora mjini, hamjui mtu. Sikutaka Lubasha awe na mlango wa kutokea.

Na Kulwa nilimpa kazi. Nikamwambia mwanangu, leo huuzi. Vaa gauni lako la kanisani, kaa kwenye benchi la wageni, ubavuni kwa Mwalimu Lubasha, akusikie unavyopumua. Usinyanyuke hata kwenda haja. Wewe unamjua Kulwa alivyo na mdomo. Alikwenda akapiga goti, "Shikamoo Mwalimu. Mimi ndiye yule mwingine." Akakaa, akafungua mfuko wa karanga, akaanza kutafuna. Kra, kra. Lubasha akasogea, Kulwa akasogea.

Wale watoto wa Nzega wanajua mpira, siwezi kuwanyima haki yao. Warefu, wepesi. Walituongoza robo ya kwanza, wakatuongoza ya pili. Doto akaangushwa, goti likachanika likatoa damu, na sketi, Mwalimu, sketi ikachanika pale pale ilipochanikia siku ile! Watu wakaguna. Mapumziko akaja kwangu anachechemea, kuna mwenzake amemletea sketi safi. Mwili mzima ulitaka kumvua nimsitiri mwanangu. Nikamnyang'anya yule sketi safi nikaikalia. Nikamfunga Doto kwa pini mbili, nikamwambia hata ikipasuka yote utacheza na hii hii. Damu usifute. Nataka huyo mtu aone tope hili, damu hii na mtoto huyu huyu, mwanzo mpaka mwisho. Doto akanitazama kama hanijui. Akasema, "Sawa, Mama." Sijawahi kumwacha mtoto na kidonda wazi, wewe unanijua.

Akaingia. Robo ya tatu wakawa wanamrushia yeye tu, na yeye anatuliza miguu kama ulivyomfundisha, anarusha juu, mpira unaingia hata haugusi chuma. Kila ukiingia Kulwa anageukia ubavuni, "Mwalimu, umemwona? Yule pale. Mimi nipo hapa." Kra, kra. Mpaka wachezaji wa akiba wa Nzega wakawa wanajificha nyuso wanacheka.

Mwisho tukawa sawa kwa sawa. Mwamuzi anatazama saa. Mpira ukamfika Doto chini ya pete, beki wao mrefu amesimama mbele yake kama mnazi. Na hapo Lubasha akashindwa kujizuia. Akaruka juu amenyoosha kidole, "Mwamuzi! Huyo si..." Kulwa akamshika mkono wa koti. Akamwambia taratibu kabisa, kama anavyomtuliza mteja mlevi, "Mwalimu, kaa. Mimi nipo hapa."

Akamtazama Kulwa. Akamtazama Doto. Akakaa.

Doto akarusha.

Naomba maji, Mwalimu. Sasa cheka. Tumewafunga.

Sikumbuki nilivyofika katikati ya uwanja. Najua nilikuwa nimepoteza kofia yako, wamenirudishia. Mkuu wa shule alikuwa anaruka kama mtoto wa darasa la kwanza. Lubasha mimi nilimwona, sikumwachia macho. Alikwenda moja kwa moja kwenye basi lao, akapanda, nikasikia anamwambia dereva awashe gari. Nikasema moyoni, unakimbia tena. Nikaanza kukimbilia barabarani nikalale mbele ya matairi, naapa ningelala.

Haikuhitajika. Dereva akawasha, akageuka nyuma, akasema, "Mwalimu, tunaondoka na nani?" Basi halikuwa na mtu. Watoto wake, wale warefu wenye raba nyeupe, walikuwa wamefuatana na watoto wetu, wameshikana mikono, wamevuka reli wanakuja kwako makaburini. Wao walikuwa wanajua. Wachezaji wote walijua toka siku ile Nzega, ila watoto hawaulizwi.

Akashuka. Akavuka reli peke yake, amevua miwani anaifuta na tai. Sisi tukamfuata nyuma.

Akasimama miguuni pako akasema kitu. Hata ndege hawakusikia. Nikapuliza filimbi. "Rudia." Akasema, "Kulwa hakucheza." Nikapuliza. "Mwambie yeye, si sisi. Ana jina." Akasema, "Mwalimu Kondo, Kulwa hakucheza siku ile. Nilijua hakucheza. Niliogopa kurudi nimefungwa na shule ya kata."

Nilitaka zaidi. Ndiyo, nakwambia wewe tu. Nilitaka apige magoti kwenye udongo na ile suti. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Bi Mwajuma akanishika mkono, akaniambia, "Mtani, yatosha. Amemsikia." Nikaitoa kwa ajili yake, siyo kwa ajili ya huyo. Kanisani kwetu wananiambia nisamehe. Nimewaambia nitakapomaliza.

Jioni ile nikarudi kwenye meza, nikachagua matobolwa laini laini, nikayatenga kwenye kikopo chako kama kawaida. Nikakaa nayo hivyo. Treni ya Mwanza ikapita, abiria mmoja akataka ayanunue yale ya kikopo. Nikamwambia hayo ya mtu. Akauliza mtu gani. Nimelia pale pale mbele ya wateja, na traksuti yako.

Sasa nimalize, mkono umekufa ganzi. Goti la Doto limepona, nalipaka asali. Kulwa anafundishwa uamuzi na yule dada wa Kanyenye, alimpenda kwa ule mdomo. Ameniomba filimbi yako. Nimemnyima, atanunua yake. Pete ya ndoo tumeirudisha kwenye nguzo, wapya wanalia hauingii.

Lala, Mzaramo wangu. Udongo wa Unyamwezi umekubeba, sasa nani mpagazi? Lakini usilale sana. Wamebaki wale watatu wa mezani, na yule wa kofia aliyeniuliza kama nawajua wanangu. Watoto wako wanakwenda kucheza Tabora mjini mwaka huu, na wale watakuwepo, wamekaa kivulini na soda zao. Nakuahidi nitakaa mbele yao kabisa na wanangu wawili, mmoja kila upande, na jina lako watalirudisha mbele ya watu kama walivyolichukua mbele ya watu.

Ukisikia filimbi huko uliko, usishtuke. Ni mimi.

Mtani wako,
Mama Kulwa na Doto